Hodi ya Tatu

Jumapili, alasiri imepita. Manyunyu tangu asubuhi, nguo kambani hazikauki, na mimi nimekaa kitandani na gauni la kanisani bado mwilini. Sijala kitu. Chai nimeipika ikapoa, nikaipasha, ikapoa tena.

Leo nilikwenda Bombolulu kumrudisha Sidi nyumbani. Nimerudi peke yangu.

Naandika hapa kwa sababu sina mwengine wa kumwambia asinijibu "si tulikwambia". Nyinyi mnaonisoma kila mara mnamjua Sidi. Kwa mgeni: Sidi ni binti yangu, ndiye huyo huyo mmoja, ana miaka ishirini na mitatu, na ana usonji. Anatunga shanga kwenye karakana moja ya kazi za mikono kule Bombolulu, na tangu mwanzo wa mwaka huu anaishi peke yake kwenye chumba cha kupanga, karibu na kazini kwake. Mimi niko Mtopanga, napiga pasi mashuka katika hoteli moja ya ufukweni. Baba yake alikwenda Mariakani kutafuta kazi Sidi akiwa na miaka minne. Nadhani kazi yenyewe bado hajaipata.

Walimu wa karakana ndio waliosema anaweza. Walimfunza mwaka mzima: kuwasha jiko, kupika wali, kufua, kufunga mlango, kupiga simu akizidiwa na kelele. Ukutani kwake walibandika karatasi yenye picha, mswaki, kikombe, ufunguo, ili asubuhi yake iende kwa mpango. Sidi na mpango ni chanda na pete. Nami nilijigamba hapa hapa, mnakumbuka. Niliandika kwamba mwanangu sasa ni mtu mzima mwenye mlango wake. Mlinipongeza sana.

Sikuwaeleza yaliyotokea Jumanne ya juma lililopita. Niliona haya.

Mwanamume mmoja alipiga hodi mlangoni kwa Sidi, mchana kweupe, siku ambayo karakana ilifungwa mapema. Sidi akasema karibu. Yule mtu akaingia, akakaa kitini, akala wali wa Sidi kwenye sahani ya Sidi. Alipomaliza akafungua mtungi wa gesi, akautia begani, akachukua na simu iliyokuwa mezani, akamwambia Sidi amshikie mlango. Sidi akamshikia. Yule mtu akasema asante. Sidi akasema, "Karibu tena."

Karibu tena, jamani!

Mwenye nyumba, Bi Maimuna, alimwona akitoka na mtungi akadhani ni wale wanaoleta gesi. Jioni ndipo alipomkuta Sidi amekaa mbele ya jiko lisilo na mtungi, mchele umo sufuriani na maji, anasubiri uive. Akanipigia.

Nilikwenda mbio hata sare ya kazi sijavua. Nikamuuliza, "Sidi, yule mtu alikugusa?"

"Aligusa mtungi."

"Wewe, mama. Wewe mwenyewe, alikugusa?"

"Aligusa mtungi na simu na sahani na kijiko."

Sidi hasemi uongo, hajui hata unaanzia wapi. Lakini anajibu swali uliloliuliza, si lile lililo moyoni mwako, na mimi swali hili silijui vizuri lilivyo. Nimeliuliza kwa njia kumi. Nilimvua nguo nikamkagua kama nilivyokuwa nikimkagua mtoto akitoka kucheza, naye akainua mikono akaniacha, kwa sababu amefunzwa kuniacha. Kesho yake nesi wa zahanati akampima kwa upole, akaniambia, mama, mtoto yuko salama, mshukuru Mungu. Nimemshukuru. Usingizi haukurudi.

Sikilizeni sasa ninaloungama, maana kanisani leo nilifungua kinywa kuliungama kikajifunga chenyewe.

Yule mtu hakuvunja mlango. Mimi ndiye niliyemfungulia.

Sidi alipokuwa na miaka tisa, mgeni hakuweza kuingia kwangu. Akisikia hodi tu, anajiziba masikio, anapiga ukelele, anajigonga kichwa ukutani. Wageni wakapungua, halafu wakaisha. Mama mkwe akanambia mchelea mwana kulia hulia yeye, na samaki mkunje angali mbichi, na mengine. Basi nikaanza kumkunja. Kila jioni, nikitoka kazini, nilikuwa nafunga mlango nikasimama nje kwangu mwenyewe kama kichaa, nasema hodi. Akisema karibu, naingia na kaimati moja. Akinyamaza, namfinya. Akipiga kelele, namchapa. Wapangaji wenzangu walikuwa wakinicheka: Mama Sidi leo kajitembelea tena! Mwaka mzima, jioni kwa jioni. Halafu nikamfunza shikamoo. Halafu abee. Mpaka leo ukimwita Sidi akiwa usingizini anasema abee bila kufumbua macho.

Watu wakanisifu. Mchungaji alimsimamisha mbele ya kanisa zima, akasema tazameni, mtoto mwenye shida zake na ana adabu kuwashinda wenu wazima. Nililia kwa furaha siku ile.

Samaki nilimkunja kweli, akakaukia pale pale. Hodi inamtoa karibu kinywani kabla hajajua ni nani anayebisha. Nilimfunza maneno yote ya kumpokea mtu, neno la kumkataa sikumfunza hata moja. Na aliyeniambia hivyo si mwalimu, nimejiambia mwenyewe nikipiga pasi, mashuka mia mbele yangu na mvuke usoni.

Na bado sijasema lote. Nimewaambia watu miaka yote kwamba nilikuwa namfunza adabu. Si kweli. Au ni kweli nusu.

Kwetu ni Kaloleni. Nyumbani kwa bibi yangu, nyuma ya jiko, kulikuwa na chumba cha mjomba Charo, kaka yake mama. Mlango wa chumba kile ulizuiwa kwa ubao mnene, na ubao ulikuwa upande wa nje. Walisema ana pepo. Alikuwa hapendi kuguswa, alikuwa akipanga mbegu za mabungo mstari mmoja kutoka ukuta hadi ukuta, na alikuwa akivuma kwa pua, mmm, mmm, kwa saa nyingi, sauti ile ile. Sidi akitunga shanga anavuma vile vile. Hakuna aliyempima mjomba, hakuna aliyelijua neno usonji. Walimjua kwa jina la chumba: yule wa nyuma.

Mimi nilikuwa nikimpelekea chakula. Nilikuwa na miaka minane hivi. Bibi alikuwa mkali wa adabu, akanambia, hata yeye ni mkubwa wako, usiingie kwake kama mbuzi. Basi kila siku nilikuwa naweka sahani ya sima chini, nasimama mbele ya ubao ule, nasema, "Hodi." Na yeye kutoka ndani anajibu, "Karibu." Sauti nzuri, ya taratibu, sauti ya mwenye nyumba. Ndipo ninapouondoa ubao.

Mtu aliyefungiwa kwa nje, akikukaribisha. Kila siku. Nilikuwa mtoto, sikuona kitu cha ajabu.

Siku moja nikasema hodi, kimya. Nikasema tena. Nikasema mpaka sauti ikanikauka, na ubao sikuuondoa, kwa sababu bibi alisema usiingie hujakaribishwa. Sima ikapoa. Bibi alipotoka shambani akanikuta hapo hapo, akanisukuma, akafungua. Mjomba alikuwa amelala ameelekea ukutani. Mbegu zilikuwa kwenye mstari wake, hazikuguswa.

Bibi alisema angekuwa mzima lau angeonekana asubuhi. Hakusema ananisema mimi. Hakusema si mimi.

Tangu siku hiyo siwezi kustahimili hodi isiyojibiwa. Kazini nikibisha mlango wa stoo asijibu mtu, jasho linanitoka. Kwa hivyo zile jioni zangu nje ya mlango na kaimati mkononi, adabu ilikuwa ya kuwaambia watu. Mimi nilikuwa nataka kusikia sauti ya mtu hai ndani. Nilimkunja mwanangu ili mimi nisiogope.

Haya, nimelisema.

Juma zima, tangu mambo ya mtungi, mjomba amekuwa nami. Si kwamba namwona, sina mambo hayo. Lakini nikiwa peke yangu na mashine zimezimwa nasikia lile neno lake, karibu, halafu naliona sikio langu linasubiri. Na mara nyingine sauti si yake, ni ya Sidi.

Ijumaa nikaamua. Nilikwenda Bombolulu nikamwambia Sidi, Jumapili nakuja kukuchukua, kusanya vitu vyako, utakaa na mimi Mtopanga, nikitoka kwenda kazini nitafunga. Nilisema hivyo hivyo, nitafunga, na sikujisikia. Sidi akasema, "Sawa." Kila kitu kwake ni sawa. Akaendelea kupanga shanga, nyeupe, buluu, nyeupe, na mimi nikalichukua lile sawa kama jibu.

Nilipotoka, Bi Maimuna alikuwa barazani kwake. Ni mtu wa Mombasa wa asili, mwanamke wa miaka sabini na kitu, mfupi, na ulimi wake haurembi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wataka kumtoa mtoto?"

Nikamwambia ndiyo, hajui kukataa watu, atauliwa siku moja.

"Ajua," akasema. "Nishamfunza."

Kumbe tangu siku ya mtungi, Sidi akitoka kazini alikuwa anakaa naye. Bi Maimuna hakumfunza kukataa. Alimfunza hodi, upya, kama alivyofunzwa yeye utotoni katika chuo cha Kurani. Hodi ni tatu. Mgeni akibisha ya kwanza, wewe sikiza sauti. Akibisha ya pili, angalia dirishani ni nani. Akibisha ya tatu, wamtaka, mfungulie. Humtaki, nyamaza. Hudaiwi neno. Naye asipojibiwa ya tatu, adabu yake ni kurudi alikotoka, na asinune.

"Mtoto apenda hesabu," akasema. "Karibu yenu haina hesabu. Hii ina tatu. Jana nimekwenda kumbishia mimi mwenyewe, kaninyamazia mpaka nikarudi. Wallahi nimefurahi!"

Nikasema, bibi, kwetu hodi haikosi jibu.

"Hodi ni kuomba, mwanangu. Anayeomba hupewa na hunyimwa. Hata awe mamake."

Lo! Nilimjibu ahsante kwa heshima zote, na njia nzima hadi Mtopanga nilikuwa namtukana kimoyomoyo. Huyu bibi ana nini na mimi? Amezaa sita, wote wazima, anasema nini kuhusu wangu? Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Na ile "hata awe mamake" ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Leo basi. Baada ya ibada sikungoja hata kusalimiana. Nilikuwa na mfuko mkubwa wa nailoni wa mistari kwa nguo zake, na bakuli la mchicha wa nazi, na ufunguo wa pili wa chumba chake nimeufunga kwenye pindo la leso. Ufunguo ule nilipewa siku aliyohamia. Niliahidi walimu kwamba ni wa dharura tu.

Bi Maimuna alikuwa barazani anachagua mchele kwenye ungo. Tukasalimiana. Nikaingia ukumbini, mlango wa tatu mkono wa kushoto, ule wenye kibandiko cha picha ya ufunguo.

"Hodi."

Ndani nilikuwa nimesikia shanga zikidondoka kwenye kopo, moja moja, na ule mvumo wake wa puani. Vyote vikakoma.

Nilingoja ile karibu. Miaka kumi na mitatu haijawahi kukosekana, haijawahi hata kuchelewa. Nikasikia manyunyu juu ya mabati na redio ya jirani, na zaidi ya hapo hakuna.

"Hodi, Sidi. Ni mama."

Pazia la dirisha dogo kando ya mlango likatikisika kidogo. Au upepo. Sikuliona vizuri kwa sababu macho yalikuwa yameshaingia ukungu, na miguu yangu ilikuwa Kaloleni. Nawaambia kweli, niliinusa sima. Niliuona ubao. Mkono wangu ukaanza kufungua pindo la leso wenyewe, na fundo lilikuwa limekaza, nikalifungua kwa meno, mtu mzima, kwenye ukumbi wa watu, siku ya Jumapili. Nikautia ufunguo kwenye tundu. Nilikuwa nikisema moyoni, safari hii sitasimama nje. Safari hii nafungua. Walahi sitasimama tena nje na sahani mkononi.

Na sijui kwa nini, ufunguo umo tunduni, mkono uko tayari kuuzungusha, kinywa bado kikasema lile neno. Labda ni bibi yangu. Usiingie kama mbuzi.

"Hodi."

Kimya.

Halafu kutoka ndani, karibu kabisa na mlango, ikaja sauti ya Sidi. Haikuwa na hasira wala woga. Sauti yake ya kila siku, ile anayotumia kutaja rangi za shanga.

"Tatu."

Alikuwa ananihesabia.

Nilisimama. Nikaunyosha mkono hadi kwenye ufunguo, nikaurudisha, nikaunyosha tena. Alikuwa amesimama upande wa pili, namjua, mkono mmoja sikioni, anangoja aone kama mamake ana adabu. Nikautoa ufunguo. Ulikwaruza kidogo ukitoka na nadhani aliusikia.

Nikatoka ukumbini. Bi Maimuna hakuinua hata macho kutoka kwenye ungo. Akasema tu, "Keti unywe maji, mwanangu." Nikaketi. Nikanywa. Halafu nikaanza kulia kwa kicheko, au kucheka kwa kilio, sijui, na yeye akaendelea kutoa vijiwe kwenye mchele. Bakuli la mchicha nikamwachia ampe. Mfuko wa mistari nikaukunja mdogo kabisa, nikautia kwapani ili watu wa njiani wasiuone.

Nilipokuwa navaa viatu nikasikia shanga zikianza tena kwenye kopo. Moja moja. Na ule mvumo.

Sasa niko hapa. Natamani niwaambie kwamba nimefurahi. Nimefurahi, nusu. Mwanangu amenikatalia mlango, na yule mwanamume akirudi leo atamkatalia na yeye, inshallah, kama anavyosema Bi Maimuna. Lakini nusu nyengine inakaa ikihesabu. Siku moja atakuwa mgonjwa kitandani, nami nitabisha mara tatu nigeuke nirudi kwangu kwa adabu zangu. Nitajuaje? Kimya cha asiyetaka na kimya cha asiyeweza, masikio yangu hayakuwahi kuvitofautisha. Kesho nitawauliza walimu wa karakana kama kunaweza kuongezwa picha moja ukutani: Sidi akiwa mgonjwa, anagonga ukuta wa jirani. Watajua namna ya kuichora.

Jirani yangu amepita sasa hivi akanibishia, anataka kuazima kibiriti. Hodi, Mama Sidi. Nikanyamaza, nijaribu tu. Alibisha ya pili. Sikuweza kumngoja afike ya tatu. Nimemfungulia mbio, maskini, mpaka akashtuka.

Na ufunguo bado ninao. Uko kwenye pindo la leso, nimeufunga upya. Bi Maimuna hakuniomba, Sidi hakuniomba, nami sijautoa.

Mjomba hakufunzwa kwamba angeweza kunyamaza akiwa hai. Kimya chake kilikuwa kimoja tu, cha mwisho. Sidi ana vyake vya kila siku, na mimi nimesikia cha kwanza leo. Jumapili ijayo nitakwenda tena bila mfuko. Nitasimama ukumbini, mlango wa tatu mkono wa kushoto, na nitabisha.

Asipojibu, nitaweza kweli kurudi nyumbani?